Vijisimu vya Kawempe

Ukitoka Wandegeya ukafuata Barabara ya Bombo kwenda kaskazini, kilima cha Makerere unakiacha mkono wa kushoto na cha Mulago mkono wa kulia. Unateremka hadi Bwaise, bondeni, ambako mvua ikikaza maji huingia majumbani bila hodi. Kisha unapanda taratibu kati ya gereji, maduka ya mbao na vijana wa boda boda wanaogombea abiria, mpaka Kawempe penyewe, inaposimama hospitali ya rufaa yenye jina la mtaa huo. Ni kilomita chache tu. Kiutawala hujatoka nyumbani: Chuo Kikuu cha Makerere, hospitali ya kale ya Mulago na hospitali mpya ya Kawempe, vyote vitatu vimo katika Divisheni ya Kawempe, mojawapo ya divisheni tano za Kampala.

Katika vilima hivi na vile vya jirani, kwa miaka mia moja na ushee, watu wamekuwa wakihangaika na swali moja: seli za neva husemezana vipi, na kwa nini mazungumzo yao hukatika? Hawakuanza na seli. Walianza na mgonjwa anayesinzia akiwa ameshika tonge, wakafuata na mtoto mchanga aliyekaza shingo, wakafika kwa mtoto aliyezaliwa asilie.

Waganda wana jina lao la mishipa ya fahamu: obusimu. Msemaji wa Kiswahili analitambua papo hapo. Ni simu, iliyovishwa kiambishi cha udogo, vijisimu, tungesema. Na simu yenyewe, kabla haijawa chombo cha kuongelea, ilikuwa waya tu, kama ilivyo maana yake katika Kiajemi ilikotoka. Jina hilo limelenga, lakini limelenga nusu. Waya hupeleka habari kutoka mwisho hadi mwisho bila kukatika. Neva hazikuumbwa hivyo, na katika kutokuumbwa hivyo ndimo ilimo habari yetu.

Mongota

Mapema mwaka 1901, katika Hospitali ya Mengo aliyoianzisha miaka minne nyuma, Dkt. Albert Cook pamoja na nduguye Jack walianza kupokea wagonjwa wa namna ngeni. Mtu alikuja na macho mazito, kauli imelegea, hatua zinayumba. Mchana alisinzia hata chakula kikiwa mkononi. Usiku, wenzake walipolala, yeye alikesha. Waganda waliuita ugonjwa huo mongota, kwa ile hali ya kichwa kudondoka kwa usingizi. Kwa Kiswahili tunauita malale. Ulikuwa umeshika mwambao wa Busoga na visiwa vya Ziwa Viktoria, na kabla haujatulia, miaka ishirini hivi baadaye, makadirio yanasema ulikwisha kuua watu wapatao robo milioni.

Mwaka 1902 Royal Society ya London ilituma tume ya watu watatu. Mmoja wao alikuwa kijana wa Kiitaliano, Aldo Castellani, aliyefanyia kazi Entebbe. Mwanzoni alidhani kisababishi ni bakteria. Kisha, mnamo Novemba mwaka huo, katika maji aliyoyafyonza kwa sindano kutoka uti wa mgongo wa mgonjwa, aliona chini ya hadubini kidudu chembamba kinachojipinda kama mkunga wa ziwani: tripanosoma. David Bruce alipowasili mwaka 1903 aliufuata uzi huo hadi kwa mbung'o. Ili kujua nzi hao wanaishi wapi, alimwendea Apolo Kagwa, Katikiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda, naye akawaagiza machifu wakusanye nzi kila pembe na kuwapeleka Entebbe. Ramani ya mbung'o ikalingana na ramani ya makaburi.

Jambo lililofichika katika ugunduzi ule lilikuwa mahali kidudu kilipopatikana. Tripanosoma anaweza kukaa katika damu muda mrefu, mtu akapata homa na uvimbe wa tezi, lakini akili yake ikabaki timamu. Balaa huanza anapovuka pazia lililopo kati ya damu na ubongo. Hapo saa ya mwili, ile inayoendeshwa na kikundi kidogo cha seli katika kitako cha ubongo, hupoteza majira. Mgonjwa wa malale hazidishi usingizi kama jina linavyodai. Jumla ya saa anazolala haipishani sana na ya mtu mzima wa afya, ila zimetawanyika mchana na usiku kama shanga zilizokatikiwa uzi. Seli zake nyingi bado zi hai. Kilichovurugika ni mpangilio wa kuitana na kuitikiana.

Dawa nayo ikatoa somo jingine chungu. Mwaka 1906 Robert Koch, Mjerumani mwenye sifa duniani kote, alipiga kambi katika visiwa vya Sese na kuwadunga wagonjwa wengi atoksili, dawa yenye aseniki. Wengi walipata nafuu ya muda. Baadhi yao wakapofuka, na macho yao hayakurudi. Sumu haikuwa imeharibu mboni wala kioo cha jicho. Ilikuwa imeua mshipa unaotoka nyuma ya jicho kwenda ubongoni, mkongo wa nyuzi zipatazo milioni moja, kila uzi ukiwa mkia wa seli moja ya neva. Jicho liliendelea kupokea mwanga, ila habari haikufika.

Ugomvi wa Stockholm

Desemba ya mwaka uleule wa 1906, Koch akiwa bado Sese, wanaume wawili wasiopatana walisimama jukwaa moja mjini Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel. Camillo Golgi wa Italia alikuwa amevumbua mwaka 1873 njia ya kutia seli za neva rangi nyeusi kwa madini ya fedha, zikaonekana kwa mara ya kwanza pamoja na matawi yake yote. Santiago Ramón y Cajal wa Hispania alichukua njia hiyohiyo, akaiboresha, akaona kinyume cha alichokiona mwenyewe mwenye njia. Golgi alisema ubongo ni wavu mmoja usio na mwisho, nyuzi zimeungana kama jarife la wavuvi. Cajal, tangu mwaka 1888, alishikilia kwamba kila seli imejitenga: ina mwili wake, matawi yake ya kupokelea na mkia mmoja wa kupelekea, na mkia huo hukaribia seli ya pili bila kuigusa. Hata hotuba yake ya tuzo Golgi aliitumia kuipinga nadharia ya mwenzake.

Cajal ndiye aliyekuwa sahihi. Mwingereza Charles Sherrington alikuwa ameshapapa jina mahali hapo pa kukaribiana mwaka 1897: sinapsi. Hadubini za elektroni zilipokuja, katikati ya karne ya ishirini, pengo lenyewe likaonekana. Upana wake ni kama nanomita 20. Katika unene wa unywele mmoja wa mtu yangeenea mapengo kama hayo 4,000 hivi.

Sasa habari inavukaje? Aliyewahi kukwama Bwaise siku ya mafuriko atalielewa jibu. Mtu amekuja mbio kutoka Makerere na ujumbe, amefika kwenye mtaro wa Nsooba, daraja hakuna. Hawezi kuruka. Anachoweza ni kufunga ujumbe katika mfuko na kuurusha ng'ambo, na huko awepo mtu wa kuudaka. Ndani ya seli, ujumbe hukimbia kwa umeme. Ukifika ncha ya mkia, umeme hauvuki. Badala yake vifuko vidogo hupasuka na kumwaga kemikali katika pengo. Ng'ambo, juu ya seli ya pili, kuna vipokezi, kila kimoja kimeundwa kwa kemikali yake kama kufuli na ufunguo wake. Otto Loewi alilithibitisha hilo mwaka 1921 kwa mioyo miwili ya vyura: alisisimua neva ya moyo wa kwanza mpaka ukapunguza mapigo, akachukua maji yaliyouzunguka akayamimina kwenye moyo wa pili, nao ukapunguza mapigo bila kuguswa na neva yoyote. Ujumbe ulikuwa ndani ya maji.

Kemikali nyingine husema "haya, washa" na nyingine husema "tulia". Seli moja inaweza kupokea maelfu ya sauti hizo kwa wakati mmoja, ikazijumlisha, ndipo ikaamua kupaza yake au kunyamaza. Ubongo wa mtu una seli za neva bilioni 86 hivi, zote zikisikilizana kwa mtindo huo. Ni baraza, si waya.

Mulago na mtoto aliyekaza shingo

Mwaka 1913 kilima cha Mulago kilipata kituo cha tiba, kilichoanzishwa hasa kwa ajili ya magonjwa ya zinaa. Mwaka 1922 Makerere ikafunguliwa kama shule ya ufundi, na miaka miwili baadaye mafunzo ya utabibu yakaanza, wanafunzi wakipanda kilima kimoja kusoma na kingine kutibu. Hivyo ndivyo bonde la Wandegeya lilivyogeuka kuwa njia ya madaktari.

Katikati ya miaka ya 1950, Mulago ilikuwa na kitengo cha utafiti wa utapiamlo wa watoto kilichoongozwa na Dkt. R. F. A. Dean. Akaja daktari kutoka Ufaransa, Marcelle Geber, aliyetaka kupima maendeleo ya watoto. Ili kumjua mtoto aliyedhoofu ilibidi kwanza amjue mwenye afya, na ili kumjua mwenye afya ilibidi aanzie siku ya kuzaliwa. Basi Geber na Dean wakawachunguza watoto wachanga zaidi ya 100 wa Mulago. Waliwavuta kwa mikono kutoka kulala hadi kukaa, wakatazama kichwa. Waliwalaza kifudifudi, wakatazama shingo. Waliwasisimua nyayo, vidole, midomo.

Mtoto mchanga wa Ulaya, vitabu vilisema, akivutwa hivyo kichwa chake huangukia nyuma, na itachukua majuma kadhaa kabla hajakimudu. Geber alimpiga picha mtoto wa Mulago, mwenye umri wa saa tisa tu tangu azaliwe, akivutwa huku amekaza shingo, kichwa kimefuata mwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1957 katika jarida la Lancet, yakazua gumzo.

Shingo inayokazika ina maana gani kwa seli? Miaka mitano kabla, Alan Hodgkin na Andrew Huxley walikuwa wameeleza kwa hesabu jinsi ujumbe unavyokimbia katika mkia wa seli, wakitumia uzi mnene wa neva ya ngisi. Seli iliyotulia huwa na chaji hasi ndani, kiasi cha milivolti 70 pungufu kuliko nje. Hali hiyo hulindwa na pampu zilizopachikwa katika ngozi ya seli, ambazo kila mzunguko hutoa chembe tatu za sodiamu na kuingiza mbili za potasiamu. Seli ikisisimuliwa vya kutosha, milango hufunguka, sodiamu huingia kwa kishindo, chaji hugeuka, na mgeuko huo huambukiza sehemu ya mbele yake, na mbele yake tena, hadi mwisho wa mkia. Yote hayo huchukua kitu kama elfu moja ya sekunde katika kila mahali yanapopita.

Mwendo wake hutegemea vazi. Uzi mwembamba usiovikwa hupeleka ujumbe kwa mita moja hivi kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea sokoni Kalerwe akiangalia bei ya matoke. Uzi uliovikwa mielini, mafuta yaliyoviringishwa tabaka juu ya tabaka, unaweza kufikia mita 100 kwa sekunde. Mtoto huzaliwa na nyuzi nyingi zisizovikwa. Uvikaji huanzia uti wa mgongo na shina la ubongo, ukasonga polepole kuelekea paji la uso, na haumaliziki mpaka mtu apite umri wa miaka 20. Ndiyo sababu mtoto huimudu shingo kabla ya mgongo, mgongo kabla ya miguu, na busara baada ya vyote.

Geber alidhani ameona watoto ambao neva zao zilitangulia. Wakosoaji walikuja baadaye: mpimaji alijua anampima nani, na watoto wa Ulaya wa kulinganishwa nao walikuwa katika vitabu, hawakuwa wodini. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Neil Warren aliyapitia maandiko yote ya "kutangulia" kwa mtoto wa Kiafrika akaona ushahidi hauna miguu imara. Ilikuwa pia hatari kuuacha ukae peke yake, maana wapo waliotaka kuugeuza: aliyetangulia mapema, walidai, atakwama mapema.

Lakini kitu kimoja katika kazi ya Geber hakikufutika. Watoto wa familia zilizoiga malezi ya Kizungu, waliolazwa kitandani peke yao na kulishwa kwa saa ya ukutani, hawakuonyesha kutangulia kama wale waliobebwa mgongoni kutwa nzima. Miaka ya 1970 Philip na Janet Kilbride walieleza jinsi akina mama wa Buganda wanavyomfundisha mtoto kukaa mapema na kwa makusudi, kwa kuwa mtoto anayeketi na kutabasamu ni mtoto aliyekwisha kuingia katika jamii. Mama alikuwa akifanya mazoezi ya neva bila kuyaita hivyo. Njia inayotumika kati ya seli mbili huimarika, na isiyotumika hupunguzwa kama tawi la kahawa lisilozaa.

Mwaka 1962, mwaka wa uhuru, Mulago mpya ilifunguliwa, jengo refu lililoonekana kutoka vilima vyote. Kisha ikaja miaka ya utawala wa Idi Amin. Madaktari walikimbia au walitoweka, na waliobaki walitibu bila dawa. Swali la neva likasubiri.

Chupa za maji

Liliporudi, lilikuwa limebadilika sura. Kufikia miaka ya 2000 wodi ya wazazi ya Mulago ilikuwa miongoni mwa zenye shughuli nyingi kabisa barani Afrika, na kila siku walizaliwa watoto waliochoka kabla ya kufika. Uchungu umezuilika, kitovu kimebanwa, oksijeni imepungua. Mtoto anatoka bluu na mlegevu. Anapopumuliwa, moyo unarudi. Tatizo huja baadaye.

Hebu turudi kwenye zile pampu. Ubongo wa mtu mzima ni asilimia 2 tu ya uzito wake, lakini unakula moja ya tano ya nguvu za mwili. Kwa mtoto mchanga sehemu hiyo ni kubwa zaidi, takriban nusu. Nguvu nyingi kati ya hizo huishia katika kuendesha pampu, na pampu huhitaji oksijeni. Oksijeni ikikatika, katika dakika chache pampu husimama. Chaji huporomoka. Seli, ikiwa haina tena uwezo wa kujizuia, humwaga glutamati yake yote pengoni. Glutamati ndiyo kemikali kuu inayosema "washa". Jirani anawashwa, naye anamwaga yake, na mlango wa kalsiamu unafunguka bila wa kuufunga. Kalsiamu ikijaa, seli huanza kujila yenyewe. Yaani kinachoiua neva ni yale mazungumzo yake yenyewe, yaliyogeuka makelele.

Na balaa hilo huja kwa mawimbi mawili. Mtoto akishapata hewa, seli nyingi hujikusanya na kwa saa kadhaa huonekana kama zimepona. Kisha, baada ya saa sita na zaidi, nguvu huporomoka mara ya pili, degedege huanza, na seli zinakufa kwa wingi kuliko mwanzo. Kati ya mawimbi hayo kuna mlango wa matumaini. Mwaka 2005 majaribio makubwa katika nchi tajiri yalionyesha kwamba mtoto akipozwa hadi nyuzi joto 33 au 34 za Selsiasi ndani ya saa sita, na kuachwa hivyo kwa saa 72, wimbi la pili hupungua. Baridi hupunguza kasi ya kila kitu, pamoja na kasi ya kufa.

Lakini mashine za kupozea zilikuwa ghali. Mwaka 2007, Nicola Robertson kutoka London na Margaret Nakakeeto wa Mulago, pamoja na wenzao, waliuliza swali la Kikampala: je, chupa za maji ya bomba zitatosha? Watoto 36 waligawanywa kwa bahati nasibu. 21 walipozwa kwa chupa, 15 walipewa matunzo ya kawaida. Kwa upande wa joto, chupa zilifanya kazi yake vizuri. Ila matokeo yalipotoka katika Lancet mwaka 2008, safu moja ilimfanya kila msomaji asite. Kati ya waliopozwa walikufa saba. Kati ya wasiopozwa, mmoja.

Watoto 36 ni wachache mno kutoa hukumu, na watafiti hawakujifanya wameitoa. Bahati pekee inaweza kuleta tofauti kama hiyo. Lakini walikuwa wameweka wazi jambo ambalo wengine wangelifunika kwa furaha ya chupa: wodi hii haikuwa na mashine za kupumulia watoto mahututi, na baridi iliyosaidia penye mashine huenda isisaidie pasipo nazo. Jibu kubwa lilikuja mwaka 2021 kutoka India, Sri Lanka na Bangladesh, katika jaribio la HELIX lililohusisha watoto 408. Kati ya waliopozwa, asilimia 42 walikufa; kati ya wasiopozwa, asilimia 31. Baridi iliyookoa London ilikuwa imeua huko. Onyo la kwanza lilikuwa limetoka katika kilima cha Mulago, miaka 13 kabla.

Kwa nini? Kati ya mwaka 2011 na 2012, Cally Tann na wenzake wa Uganda waliwafuatilia Mulago watoto 210 wenye ubongo ulioathirika wakati wa kuzaliwa, wakiwalinganisha na watoto 409 wengine. Mradi uliitwa ABAANA, neno ambalo kila Mganda anajua maana yake: watoto. Waliona, pamoja na uchungu uliozuilika na matatizo ya kitovu, kwamba bakteria katika damu ya mtoto na uvimbe katika kitovu vilikuwa vya kawaida zaidi kwa waathirika. Hapa basi huenda neva haikukosa hewa tu; wakati uleule mwili ulikuwa vitani na maambukizi. Seli ni ileile ya London, pampu zilezile, glutamati ileile. Kisa chake ndicho tofauti, na dawa hutibu kisa.

Waliopona nao hawakuachwa wabaki takwimu tu. Wengine walibaki na mwili mgumu, ugumu wa kumeza, au kuchelewa kukaa. Kwa ajili yao kukaundwa vikundi vya wazazi, vinavyoongozwa na mzazi mwenye mtoto wa hali hiyohiyo akisaidiana na mtaalamu, wakifundishana namna ya kumlisha, kumkalisha, kumchezesha. Mpango huo leo unajulikana kama Baby Ubuntu. Sababu yake ni ya kiseli kabisa. Neva iliyokufa haifufuki, lakini zilizobaki katika ubongo wa mtoto mdogo bado zinatafuta jirani wa kusema naye, na zinaweza kufungua njia ambazo hazikupangwa ziwe zao, mradi ziitwe kila siku. Yale ambayo Geber aliyaona mgongoni kwa mama wa Buganda yamerudi kama tiba.

Dakika ya kwanza

Mwaka 2016, Mulago ilipokuwa ikikarabatiwa, huduma ya uzazi ilihamishiwa katika jengo jipya kando ya Barabara ya Bombo. Uhamisho uliokusudiwa kuwa wa muda ukageuka hospitali kamili, Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Kawempe, ambamo kwa mwaka huzaliwa watoto zaidi ya 20,000. Gawanya kwa siku, ni zaidi ya 50. Gawanya kwa saa, ni wawili, usiku na mchana, Pasaka na Idi.

Katika miaka hiyo utafiti mwingine ulifanyika Kampala, ukiongozwa na Nicolas Pejovic pamoja na akina Josaphat Byamugisha, Clare Lubulwa na Jolly Nankunda. Ulijaribu kifaa kipya: badala ya kinyago cha kawaida cha kumpulizia mtoto hewa, kinyago laini kinachoingizwa mdomoni na kuketi kooni, juu ya mlango wa njia ya hewa. Watoto 1,163 walihusishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika New England Journal of Medicine, na hayakuwa na mshindi. Waliofariki mapema au kuathirika ubongo walikuwa asilimia 27.4 kwa kifaa kipya na asilimia 24.4 kwa kinyago cha zamani, tofauti isiyozidi bahati. Kinyago cha zamani kilikuwa kimeshikwa na wakunga waliofunzwa kukishika.

Kwa hiyo katika chumba cha kuzalishia, swali lote lililoanza kwa akina Cook na kichwa kinachodondoka limejibana katika sekunde 60. Mtoto ametoka, hajalia. Mkunga anamkausha kwa kitambaa na kumsugua mgongo: neva za ngozi zimeitwa, zipeleke habari kwenye shina la ubongo, ambako kuna seli zinazoamrisha pumzi. Kama zinajibu, kifua kitainuka chenyewe. Kama hazijajibu, anaweka kinyago, anabana mfuko, anatazama kifua, anabana tena. Hamtibu ubongo. Anazipa pampu oksijeni kabla hazijasimama, ili lile wimbi la pili lisipate pa kuanzia.

Mtoto akikohoa, kisha akakunja uso na kupaza sauti, mkunga hageuki kushangilia. Anatazama saa ya ukutani, anaandika dakika, na kumlaza mtoto kifuani kwa mama yake. Pazia la jirani limeshaanza kutikisika. Kuna mwingine anakuja.